PAUL RENNER: MCHORAJI WA HERUFI ZILIZOFIKA MWEZINI

Ni matumaini yangu kwamba umeanza kulisoma gazeti letu kutoka ukurasa wa kwanza, si kutoka kwa vichekesho kama ilivyo desturi ya wengi wetu.

Katika kurasa hizi tumezoea kusimuliwa maisha ya majemadari, marais, wapigania uhuru na washairi mashuhuri. Si vibaya hata kidogo. Lakini safari hii nimeomba nafasi nikuletee mtu wa aina nyingine. Huyu hakuongoza nchi wala hakuamuru jeshi. Kazi yake ilikuwa kuchora herufi. Ndiyo, herufi hizi hizi za a, b, ch unazozisoma sasa bila kuzifikiria. Jina lake ni Paul Renner, Mjerumani, aliyeaga dunia mwaka 1956.

Pengine unajiuliza, je, herufi nazo zina mchoraji? Si zilikuwako tu tangu jadi? Hebu siku moja tembea polepole kando ya barabara kuu itokayo Kitale kwenda Webuye, pale inapopita katikati ya soko letu. Tazama mabango ya vinyozi, maduka ya dawa, hoteli na wauza mbegu. Utaona herufi nene zilizonona kama viazi. Utaona nyingine zina vijiguu chini na vijimkia juu. Kisha utaona nyingine nyembamba, zimenyooka twaa, O yake ni duara na A yake ni pembe kali, kana kwamba aliyezichora alifungua mkebe wa hisabati akatoa rula na bikari. Hizo za mwisho zina babu yao. Babu huyo anaitwa Futura, na aliyemzaa Futura ni Renner.

Mimi ndiye ninayechora herufi za ubao wa matangazo wa Chama chetu cha Kiswahili. Khocha wangu, yaani mjomba, hupaka rangi mabango ya maduka hapa sokoni. Kwa hiyo habari za Renner zilipoanza kunifikia, sikuzisoma kama habari za mtu wa mbali. Nilizisoma kama habari za mtu wa kazi yetu.

Paul Renner alizaliwa tarehe 9 Agosti 1878 katika mji mdogo wa Wernigerode, Ujerumani. Malezi yake yalikuwa makali, malezi ya nyumba ya Kiprotestanti ambamo kazi na nidhamu havikuwa na mjadala. Alipokuwa kijana alisomea usanifu wa majengo na uchoraji katika miji ya Berlin, Munich na Karlsruhe. Shabaha yake hasa ilikuwa kuwa mchoraji wa picha, na kwa muda aliishi Munich akifanya kazi hiyo.

Lakini kama wasemavyo wahenga, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mchoraji naye hula. Kuanzia mwaka 1907 Renner aliajiriwa na mchapishaji wa vitabu Georg Müller mjini Munich. Kazi yake ilikuwa kuamua sura ya vitabu: majalada, ukubwa wa kurasa, pambizo, aina ya herufi na nafasi kati ya mistari. Alifanya kazi hiyo kwa takribani miaka kumi, na vitabu vingi vilipita mikononi mwake. Hapo ndipo alipojifunza siri ambayo wengi hatuijui, kwamba kitabu kilichopangwa vibaya humchosha msomaji hata kama mwandishi ni hodari. Mwaka 1922 aliandika kitabu cha kueleza kwamba upangaji chapa ni sanaa kamili, si ufundi wa mikono tu.

Sasa ili uelewe ukubwa wa jambo alilolifanya, lazima nikueleze hali ya herufi katika Ujerumani ya wakati ule. Nchi nyingi za Ulaya Magharibi zilikuwa zimekubaliana juu ya herufi za Kirumi, hizi tunazotumia sisi. Wajerumani walikuwa na mbili. Walikuwa na hizo za Kirumi, na walikuwa na zao za tangu kale, nyeusi, zenye pembe zilizovunjikavunjika, ziitwazo Fraktur. Vitabu na magazeti mengi yalichapishwa kwa hizo. Na watu waligombana kwelikweli! Kulikuwa na wale waliodai kwamba Mjerumani halisi ni yule asomaye Fraktur, na kwamba herufi za Kirumi ni za wageni.

Usicheke, msomaji. Hata Kiswahili chetu kimepitia njia panda ya namna hiyo. Kwa karne nyingi washairi wa Lamu, Pate na Mombasa waliandika tenzi zao kwa herufi za Kiarabu. Katika karne ya 19 wamisionari, akiwemo Edward Steere wa Unguja, walikuwa wakikichapisha Kiswahili kwa herufi za Kirumi, na kufikia mwaka 1930, Kamati ya Lugha ilipoundwa kusanifisha Kiswahili, herufi za Kirumi ndizo zilizoshika usukani shuleni na ofisini. Lugha ilibaki ile ile ingawa vazi lilibadilika.

Turudi kwa Renner. Vita Kuu ya Kwanza ilikwisha mwaka 1918. Ujerumani ilishindwa, mfalme akakimbia, na mwaka 1923 fedha yao ikaporomoka hata ikakosa thamani kabisa. Watu walikuwa wamechoka na mambo ya zamani. Wajenzi walianza kujenga nyumba za kuta tupu zisizo na nakshi. Mafundi wa samani walitengeneza viti vya mabomba ya chuma. Kila mmoja alitafuta umbo jepesi, safi, lisilobeba mapambo ya wafalme waliopinduliwa. Katika hali hiyo, mwaka 1924, mchapishaji aitwaye Jakob Hegner alimwendea Renner akamwomba achore herufi za wakati wao. Renner akakubali, akajifunga kibwebwe.

Alianza na maumbo matatu ambayo mtoto wa darasa la kwanza anayajua: duara, pembetatu na mraba. O ikawa duara. A na V zikawa pembetatu zenye ncha kali. Vijiguu na vijimkia vyote akaviondoa. Unene wa mistari akaufanya uonekane sawa kote. Kwa herufi kubwa alirudi nyuma miaka elfu mbili, akafuata vipimo vya maandishi ambayo Warumi wa kale waliyachonga kwenye mawe. Ndiyo sababu O yake ni pana, lakini E, F na L ni nyembamba, karibu nusu ya upana wa O. Kumbe kilichoonekana kipya kabisa kilikuwa na mizizi mirefu! Herufi ndogo kama b, d, h, k na l alizirefusha zikapita urefu wa herufi kubwa, na hilo likazipa mwendo wa madaha.

Mwanzoni alikwenda mbali zaidi. Alichora r iliyokuwa kijiti kimoja na kitone kando yake. Alichora n ya pembe mraba, na a na g za ajabu ambazo ungedhani ni michoro ya darasa la jiometri. Kiwanda kilichokubali kuzitengeneza, yaani Bauer cha Frankfurt, kilishirikiana naye kwa miaka kadhaa kuzijaribu. Nyingi za zile za ajabu ziliachwa. Sababu ni rahisi: msomaji alikuwa akisimama kushangaa herufi badala ya kusoma neno.

Hapa pana fundisho la ufundi ambalo mimi binafsi nimelipenda kupita yote. Ukichora herufi kwa bikari na rula tupu, macho yatakudanganya. Duara lililo sawa kwa kipimo na mraba huonekana dogo kuliko mraba huo. Kwa hiyo O lazima ipite mstari kidogo juu na kidogo chini ndipo ionekane imelingana na H. Ncha ya A nayo lazima ichomoze juu kidogo, la sivyo herufi itaonekana fupi. Mahali ambapo kijiti hukutana na duara, kama katika b au d, mstari lazima upunguzwe unene, la sivyo pale pataonekana pana doa. Renner alirekebisha hayo yote. Futura inaonekana kama hisabati tupu, lakini imejaa hila ndogondogo za jicho. Khocha wangu hajapata kusoma kitabu cha Renner, lakini anapopaka O kwenye bango huipitisha mstari kidogo. Nilipomwuliza kwa nini, alinijibu kwamba vinginevyo inaonekana mgonjwa. Ufundi ni ule ule, awe Frankfurt au Kiminini.

Usifikiri pia kwamba siku hizo mtu alichora herufi kisha akabonyeza kitufe. Hapana. Kila herufi ilichorwa kwa ukubwa, mchoro ukapunguzwa kwa mashine, kalibu ikatengenezwa, kisha ndani yake ikamiminwa risasi iliyochanganywa na bati na antimoni. Tena kila ukubwa wa herufi ulihitaji seti yake. Fundi wa chapa alizipanga moja moja kwa vidole. Kwa hiyo kutoa sura mpya ya herufi kulikuwa kama kujenga nyumba: kosa moja, gharama.

Futura ilitoka rasmi mwaka 1927. Jina lenyewe ni la Kilatini, likiashiria mambo yajayo. Ilitolewa kwa unene mbalimbali, kuanzia ile nyembamba mpaka nene, na nyingine zikaongezwa baadaye. Watu waliipokea kwa mikono miwili. Matangazo, majalada ya vitabu, majarida na vibao vya maduka vilivaa Futura, kwanza Ulaya na upesi Marekani. Viwanda vingine vya herufi vilikimbilia kutengeneza za kufanana nayo. Wengi hudhani Renner alikuwa mwalimu wa Bauhaus, ile shule maarufu ya sanaa ya Ujerumani. Hakuwa. Alipenda mengi ya mawazo yao, lakini njia aliifuata mwenyewe.

Wakati huo huo Renner alikuwa mwalimu. Mwaka 1926 alirudi Munich kuongoza shule ya ufundi wa chapa, na mwaka uliofuata akawa mkuu wa chuo cha mafundi wakuu wa chapa mjini humo. Alimleta kijana hodari aitwaye Jan Tschichold awe mwalimu pamoja naye. Kama mambo yangeishia hapo, ningesema ni maisha ya raha mustarehe. Lakini mbele kulikuwa na kiza.

Wanazi wa Hitler walikuwa wakipata nguvu. Hao hawakuchukia watu tu, walichukia pia picha, nyumba na muziki. Sanaa yoyote mpya waliiita ya Kibolsheviki, ya wageni, ya kuharibu Wajerumani. Wengi waliojua kwamba huo ni upuuzi walinyamaza, maana kimya ni salama. Renner hakunyamaza. Mwaka 1932 aliandika kijitabu cha kuwapinga waziwazi, akatetea sanaa na ujenzi wa kisasa dhidi ya matusi hayo. Ilibidi kichapishwe Uswisi. Hebu fikiria: mzee wa miaka 54, mwenye cheo na mshahara, anaweka jina lake kwenye jalada la kitabu kama hicho miezi michache tu kabla Hitler hajashika serikali.

Januari 1933 Hitler akawa chansela. Machi, Tschichold alikamatwa. Aprili, ikawa zamu ya Renner mwenyewe. Hakukaa kizuizini muda mrefu, lakini shule aliyoijenga ilimponyoka. Aliondolewa kazini. Tschichold alikimbilia Uswisi na familia yake. Renner alibaki nchini, akarudi kwenye uchoraji wa picha na uandishi, akaishi kimya karibu na ziwa Konstanz.

Sasa sikiliza kinaya cha historia. Wanazi wale wale waliodai kutetea mambo ya Kijerumani, Januari 1941 walitoa amri ya kuacha herufi zile nyeusi za kale na kutumia za Kirumi. Walikuwa wameteka nchi nyingi, na watu wa huko hawakuzisoma kwa urahisi. Lakini badala ya kukiri hivyo, walidai ati herufi zile zilikuwa za Kiyahudi! Jana zilikuwa damu ya taifa, leo ni za adui. Hapo ndipo unapoona kwamba aliyetaka kumbagua mwenzake hakosi kisingizio. Akikosa kabila atatumia dini, akikosa dini atatumia hata umbo la herufi.

Nayasema haya kwa sababu sisi wa Trans Nzoia na Bungoma hatuhitaji kwenda Ujerumani kulijua jambo hili. Hapa kwetu huishi Wabukusu, Wasabaot, Wateso, Wakikuyu, Wanandi, Waturkana na wengine wengi, na ukiingia darasani kwetu utawakuta wamekaa dawati moja. Hata hivyo, miaka ya 1991 na 1992 mapigano yalitokea katika wilaya hizi, watu wakafukuzwa makwao, wakiambiwa kwamba wao si wa hapa. Mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008 yakarudi. Wazazi wetu waliyaona. Maneno ya kumwita jirani mgeni huanza kama mzaha, na wenye kuyapinga mapema huwa wachache. Renner alikuwa mmoja wa wachache hao kwao, na kilichomchochea kilikuwa kazi yake ya herufi.

Baada ya vita kwisha mwaka 1945 Renner aliendelea kuandika na kuchora. Mwaka 1947 alitoa kitabu juu ya mpangilio wa rangi, na katika miaka yake ya mwisho kiwanda cha Bauer kilitoa sura nyingine ya herufi zake iliyosimama wima zaidi. Alifariki tarehe 25 Aprili 1956 huko Hödingen, akiwa na umri wa miaka 77.

Lakini herufi zake hazikufa. Kuanzia mwaka 1959 matangazo mashuhuri ya gari la Volkswagen huko Marekani, lile la mgongo wa kobe ambalo hata huku lilitembea sana, yaliandikwa kwa Futura. Kampuni ya samani ya IKEA iliitumia mpaka mwaka 2009. Na kubwa kuliko yote: Julai 1969 chombo cha Apollo 11 kilipotua mwezini, kwenye mguu wake palikuwa na kibao cha chuma chenye maneno ya amani kwa niaba ya wanadamu wote. Maneno hayo yaliandikwa kwa herufi kubwa za Futura. Kibao kiko huko mpaka leo. Mtu aliyefukuzwa kazini kwa kutetea mambo mapya, herufi zake zimeketi mwezini.

Kabla sijaaga, wacha nikuachie machache ya kutumia, maana elimu bila amali ni kama mti bila matunda. Herufi nyembamba za jiometri ni za kuonekana, si za kusomwa kurasa kumi. Ziweke kwenye kichwa cha habari, jalada, kadi ya harusi au jina la duka la ndani, kwa ukubwa na nafasi ya kupumua. Ukiziandika kwa herufi kubwa tupu, ziachanishe kidogo. Usiziweke kwenye matatu au bango la barabarani. Vumbi letu na mwendo wa magari vitazimeza, hapo tumia nene. Tena kwa Kiswahili kuna tahadhari ya pekee. Lugha yetu imejaa a na o, na karibu kila neno humalizikia kwa irabu. Katika Futura, a ndogo ni duara lenye kijiti, na o ni duara. Ukiziandika ndogo, kata na kato zitakaribiana, na msomaji ataumia macho. Vilevile I kubwa na l ndogo zote ni vijiti. Ndiyo maana ukurasa huu hukuupata kwa Futura, ingawa nilitamani!

Leo kila mwenye kompyuta au simu anaweza kuchagua fonti kwa kidole, na nyingi za zile nyembamba za kisasa ni wajukuu wa Renner. Utakapochagua moja, kumbuka kwamba nyuma yake kulikuwa na mtu aliyekaa miaka akipima duara, na siku ilipobidi aseme kweli, hakuficha jina lake.

Kwa hayo machache naiweka kalamu chini. Ewe mwanachama uliye kidato cha kwanza, ubao wa matangazo unakungoja. Njoo na rula yako. Kwaheri ya kuonana katika toleo lijalo, inshallah.